Pungufu ya Karatasi za Mwanzo

Katika mji alioishi Msellem, mtu hakuwa mzee mpaka aelezwe. Mvi hazikutosha, wala mkongojo. Mtu angeweza kupinda mgongo akawa kama ndoana, akawazika wa rika lake wote, na bado akahesabiwa miongoni mwa vijana wa mtaa, ilimradi mwelezaji hajafika mlangoni kwake, akavua viatu, akaomba maji ya kunawa, akaikausha mikono kidole baada ya kidole, kisha akayatamka maneno yaliyowekwa tangu zamani: "Kwa idhini yako, nitakushika mgongo."

Lugha hiyo ilikuwa ya wauza vitabu. Namna ilivyowafikia watu ni habari yenye mapokeo mengi. Wapo waliosema kwamba mji ulikuwa soko la vitabu. Vitabu vikaisha, wauzaji wakabaki na istilahi zao midomoni, na istilahi isiyo na kitu cha kukitaja ni kama mbwa aliyefiwa na bwana wake, humfuata yeyote apitaye. Wengine wakasema hapana, vitabu havikuisha. Viliamka tu siku moja, vikavaa kanzu na kanga, vikasahau. Msellem, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza, hakuwahi kuchagua kati ya mapokeo hayo mawili. Kila alipoyafikiria ya kwanza aliyaonea maneno huruma. Kila alipoyafikiria ya pili alijipapasa shingo, pale nyuma, kama mtu anayetafuta mshono.

Yalikuwa maneno mazuri, hilo lazima tulikubali. "Jalada la asili" walisema juu ya mtu aliyezeeka na uso wake mwenyewe. "Limejaladiwa upya" walisema juu ya yule ambaye maisha yalimlazimisha kuvaa uso mwingine, naye akauvaa kwa heshima. "Madoa ya kutu" yalikuwa huzuni zile zinazokuja zenyewe, kutokana na hewa, pasipo kosa la mtu. Na palikuwa na neno moja ambalo waelezaji walilitamka kwa sauti ya chini: "kurasa hazijakatwa". Katika vitabu vya zamani karatasi zilikunjwa na kushonwa kabla ya kukatwa ncha, na msomaji wa kwanza ndiye aliyezifungua kwa kisu. Kwa hiyo kitabu ambacho kurasa zake hazijakatwa ni kitabu kisichowahi kusomwa. Wauzaji walikipenda kitabu cha namna hiyo. Lakini ilipotokea kulisema neno hilo juu ya mtu, juu ya mzee aliyefika uzeeni bila yeyote kumwuliza anawaza nini, hata mwelezaji mkavu kuliko wote aliinamisha kichwa.

Juu ya maneno yote hayo lilikaa moja kama kadhi juu ya mashahidi: "pungufu". Kitabu kilichokosa karatasi kiliitwa pungufu, na kitabu pungufu, katika sheria ya biashara ile, hakikuwekwa rafuni, kilivunjwa. Walikifungua mshono, wakatoa michoro yake na kurasa zake za kupendeza, wakaziuza mojamoja kwa wenye kuta tupu. Hawakuona ukatili hapo. Mchoro uliofungiwa ndani ya kitabu kilichokatika, walisema, humfaidisha nani? Na hivyo ndivyo walivyowafanya watu. Mzee pungufu hakuuawa. Alivunjwa. Namna yake ya kuimba ilipelekwa kwenye nyumba isiyo na wimbo. Mkono wake wa kupika ukapewa bi harusi asiyejua kupima chumvi. Kicheko chake kikaenda kwa wafiwa. Kila nyumba ilipokea kwa shukrani. Kilichobaki, lile jalada, kilikalishwa kwenye kibaraza cha Nyumba ya Kuvunjia, kikitabasamu, kisimjue aliyekisalimu.

Msellem aliueleza mji mzima, au karibu mzima, na hakuwahi kuficha kasoro. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na ndiyo imani ya waelezaji wote: kasoro isiyotajwa ni wizi. Alikuwa pia na sifa ya pili, ambayo waelezaji hawakuiona kuwa sifa wala kasoro, kwa kuwa wote walikuwa nayo. Hakusoma. Mwelezaji hupekua. Hupitisha dole gumba pembezoni, huangalia kama nambari zinafuatana, huinua karatasi kwenye mwanga, hunusa. Akianza kusoma, mkono hupunguza mwendo, jicho huingiwa na huruma, hesabu hupotea. Msellem alikuwa amezishika kurasa nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na hakujua hata moja ilisema nini.

Zamu ya Tufaha ikafika.

Tufaha alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa miaka mingi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki Msellem akiwa bado mchanga. Walikuwa wakiishi pamoja kwenye nyumba ya chumba na ukumbi nyuma ya msikiti wa wafuma mikeka. Kwa siku za karibuni alianza kukatika katikati ya maneno kama uzi, akasimama na mwiko mkononi asijue unakwenda chunguni au unatoka. Majirani walikwisha kuona. Na desturi ilimtaka ndugu amweleze ndugu, kwa kuwa mkono wa ndugu, walisema, haupindui ukurasa kwa pupa.

Haidari alimjia Msellem asubuhi ya siku hiyo, kabla hajaanza kazi. Haidari alikuwa mwelezaji mwenziwe, mtu mnene mwenye mzaha, na rafiki wa kweli kwa kadiri watu wa kazi ile walivyoweza kuwa na marafiki.

"Bwana Msellem, leo umejipaka mafuta mpaka kwenye ndevu. Unakwenda kueleza au unakwenda kuposa?"

"Ni zamu ya Dada."

Haidari aliketi kwenye ngazi, mzaha ukamtoka. "Najua. Ndiyo maana nimekuja." Akachezea kofia yake. "Nikuambie kitu kama rafiki. Andika 'kamili'. Andika 'kamili, jalada limechakaa kidogo, vinginevyo safi', funga, tukale. Nani atampekua baada yako? Mkono wako wanauamini kuliko macho yao."

"Na akiwa si kamili?"

"Akiwa si kamili, atakuwa ameandikwa kamili. Wangapi mjini humu wana zaidi ya hilo?"

"Haidari, kasoro isiyotajwa..."

"Ni wizi, ni wizi. Nilisoma nawe ubao mmoja." Alisimama, akajikung'uta. "Wewe ndugu yangu ni mgumu kama kongwa. Ungemkuta malaika ungemwambia bawa moja lina mkunjo."

Alipokwisha kwenda, Msellem alibaki ukumbini na mikono yake iliyonawa. Je, anayeeleza yuko wapi wakati anaeleza? Hilo lilimjia likiwa limekatika vipande, kama mawazo yanavyomjia mtu aliyezoea kuwa na majibu. Mwanga dirishani. Karatasi kwenye mwanga. Na jicho, liko upande gani wa karatasi? Mkono unasema: hapa pana tundu. Nani aliupa mkono ruhusa ya kusema? Tundu halikusema. Tundu lilikuwa likipitisha mwanga tu.

Tufaha alikuwa ameketi karibu na dirisha la uani akichagua mchele. Alikuwa amevaa kanga mpya, kwa kuwa alikumbuka kwamba leo kuna jambo, ingawa alisahau jambo gani.

"Kwa idhini yako, Dada, nitakushika mgongo."

"Shika, baba. Mikono yako baridi."

Alimpekua kama inavyotakiwa, kuanzia nyuma kwenda mbele, maana mwisho wa kitabu ndiko kunakoharibika kwanza. Kupekua mtu ni kumwuliza. Alimwuliza juu ya jana, na jana ilikuwa imelowa, herufi zimetapakaa, lakini karatasi ipo. Alimwuliza juu ya mwaka wa mafuriko, juu ya marehemu mumewe, juu ya nyumba ya awali waliyopanga. Zote zilikuwapo, nyingine zimefifia, nyingine safi kama zilizochapwa leo. Alipomwuliza juu ya mumewe Tufaha alicheka akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Msellem alikuwa akiweka alama zake kwa moyo mwepesi. Akafika utoto.

"Kabla sijatembea, Dada. Nyumba ya kwetu. Mama."

Vidole vya Tufaha vilisimama juu ya ungo.

"Najua palikuwa na mama," alisema.

"Uso wake?"

"Najua ulikuwapo."

"Sauti? Mlango? Nguo yoyote aliyovaa?"

"Msellem, usinibane. Ninaposogeza mkono huko sigusi kitu. Hakujachanika, hakuumi. Ni kama kipande cha ukuta kilichopakwa chokaa."

Msellem aliijua kasoro ile. Karatasi za mwanzo. Kitabu kilichokosa karatasi ya katikati huweza kuombewa. Kilichokosa za mwanzo hakina ukurasa wa jina, hakina mji wa kuchapwa, hakiwezi kuthibitisha kwamba ni kile kinachosema ni chenyewe. Hakuna upungufu mkubwa kuliko huo. Alijua pia namna Nyumba ya Kuvunjia itakavyoufurahia mkono wa Tufaha wa kupika, na kicheko kile cha kufunika mdomo, ambacho kitamfaa mtu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mwelezaji halifanyi. Ili kuujaza ukimya, au kumfariji, au pengine kujifariji mwenyewe, alianza kumsimulia mama.

"Mimi ninamkumbuka," alisema. "Alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa kijani, mguu mmoja ameunyosha. Alinukia mdalasini, kwa sababu alikuwa akiupondaponda kwa ajili ya watu. Siku moja, ndiyo ninayoiona vizuri zaidi, nilikuwa nimesimama mlangoni nikilia, naye alikuwa na kitoto kichanga kifuani, mtoto wa jirani nadhani, akinyonyesha. Aliniita kwa mkono, kwa sababu mkono mwingine umeshika mtoto. Masikio yalikuwa yakinipwita vibaya. Akayapuliza, hili, kisha hili, akaniambia nisiyaguse mpaka uzi utoke."

Alisimama hapo.

Tangu utoto alikuwa ameipitisha kumbukumbu ile chini ya dole gumba lake, mara zisizo na idadi, na kila mara aliikuta ipo. Nambari zinafuatana. Karatasi haina tundu. Ipo: na kwa mwelezaji, kilichopo kimepita ukaguzi. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliisoma.

Uzi. Nani hutiwa uzi masikioni? Msichana aliyetogwa masikio, mpaka kidonda kipone. Alipandisha mkono taratibu akashika ndewe ya sikio lake la kulia, kisha ya kushoto. Zilikuwa nzima, laini, hazijawahi kupitishwa sindano. Akatazama kwenye mwanga wa dirisha masikio ya dada yake, yale matundu mawili ya zamani yaliyorefuka kwa uzito wa vipuli. Na yule mchanga kifuani: kwa nini hakuwahi kuuliza ni nani? Alijua, kwa kuwa aliambiwa na mji mzima, kwamba mama alikufa yeye akiwa hajaanza kutambaa. Alijua pia kwamba anamkumbuka mama. Mambo hayo mawili aliishi nayo kama mtu mwenye kurasa mbili za nambari moja, asiwahi kuzilaza pamoja mezani. Alikuwa amejiona mwenyewe, maisha yake yote, kutokea mlangoni, kwa macho ya mtu mwingine.

Waelezaji wana jina la kitabu kama hicho. Muuzaji akipata nakala iliyokatika, na nyingine ya kitabu hicho hicho, hung'oa karatasi kutoka ya pili na kuzipachika kwenye ya kwanza. Huitwa nakala ya kuungwa. Huonekana kamili. Mjuzi huitambua kwa rangi: karatasi za kupachikwa ni nyeupe kidogo kuliko jirani zake, au pambizo zake ni fupi. Msellem alikuwa ameziona kwa watu wengi akaziandika bila kusitasita. Sasa alijipekua kutokea mwanzo na akaiona tofauti ya rangi. Harufu ya mdalasini, mlango wa kijani, mguu ulionyooshwa: zote ziling'aa kuliko utoto wake mwingine, kama kitu kilichotunzwa na mtu mwangalifu zaidi kuliko yeye.

"Dada," alisema, "ulinifanya nini?"

Tufaha alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mtu anayeheshimu swali.

"Ulikuwa ukilia," alisema. "Hilo ninalo. Ulikuwa ukilia jioni zote, hutaki uji, hutaki kubebwa. Nikawa nakusimulia mama. Nakumbuka kwamba nilikuwa nikikusimulia, mpaka unanyamaza. Nilichokusimulia sikikumbuki." Akarudisha vidole kwenye mchele. "Nadhani mtu akitoa nusu, nusu hubaki. Mimi nilikuwa na mama mmoja tu wa kukupa."

Siku ya Baraza la Waelezaji ukumbi ulijaa. Bi Mwanamvua, mkuu wa Baraza, aliketi kwenye kiti chake cha mgongo mrefu; alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, na watu walisema kwamba kila alipolazimika kutia sahihi ya kuvunja hakula siku hiyo. Tufaha alikalishwa mbele, kwenye kiti cha anayeelezwa. Aliwasalimu watu wa pande zote mbili kama aliyekuja harusini.

Msellem alisoma maelezo kwa sauti isiyotikisika. Jalada la asili, limechakaa pembeni. Mgongo imara. Madoa ya kutu hapa na pale. Karatasi za mwisho zimelowa. Kisha akasema, "Karatasi za mwanzo hazimo," na ukumbi ukavuta pumzi. Kisha akasema, kabla pumzi haijatoka, "zimo kwangu," akaeleza yote. Alijieleza mwenyewe kama alivyowaeleza wengine: nakala ya kuungwa, yenye karatasi za dada yake, haikutajwa mpaka leo.

Palikuwa na minong'ono. Mzee mmoja wa nyuma alisikika akisema, "Miaka yote ananiambia mimi nimepindika ubavu, kumbe yeye mwenyewe kiraka," na waliomzunguka wakacheka, lakini kicheko hakikuwa cha chuki.

Haidari alisimama. Jasho lilikuwa likimtiririka, na Msellem alielewa kwamba rafiki yake anatafuta njia.

"Bi Mwanamvua, kanuni iko wazi. Karatasi iliyopatikana hurudi kwenye kitabu chake. Zikirudi, Bi Tufaha ni kamili. Haguswi."

"Na Msellem?" aliuliza Bi Mwanamvua.

Haidari aliketi tena. Alikuwa ameuona mwisho wa sentensi yake baada ya kuianza.

"Msellem atakuwa pungufu," alisema Msellem mwenyewe. "Ninakubali. Nimezitumia maisha mazima. Zirudi kwa mwenyewe."

Hakusema hivyo kwa ushujaa. Ndani yake mlango wa kijani ulikuwa tayari umeanza kufungwa. Aliuona unavyosogea, na kwa mara ya kwanza alifahamu kwamba mtu anaweza kufiwa na mama ambaye si wake kumkumbuka. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooshwa kuelekea kwa dada yake, kiganja juu, kama anayerudisha bakuli la jirani.

Tufaha alikitazama kile kiganja. Kisha akamtazama Bi Mwanamvua, mwanamke kwa mwanamke.

"Mwanangu huyu anataka kunipa nini?"

"Karatasi zako, Bi Tufaha. Za mwanzo. Ulizopoteza."

"Sijapoteza kitu."

"Dada," alisema Msellem kwa upole, "huzikumbuki."

"Kutokumbuka ni jambo langu, na kupoteza ni jambo jingine. Pete niliyoitumbukiza kisimani nimeipoteza. Pete niliyomvika mtu, naiona kidoleni kwake." Akamkunja vidole, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikawa ngumi, akairudisha ngumi ile kifuani kwa Msellem. "Ukinirudishia, nitakuwa na mama na sitakuwa na kazi niliyoifanya. Sitaki. Mwandikeni vyovyote, lakini msimwandike kwamba ameniibia, na mimi msiniandike kwamba nimeangusha."

Bi Mwanamvua aliweka kalamu chini.

"Tusaidieni," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Iliyochanika tunayo. Iliyoliwa na mchwa tunayo. Iliyokatwa kwa wembe, iliyoibwa, iliyopotea kwa mjaladi, zote tunazo. Hata ile ambayo mchapaji mwenyewe hakuichapa tunalo neno lake. Karatasi ambayo kitabu kiliitoa chenyewe, kikijua, ili kitabu kingine kisilie, inaitwaje?"

Waelezaji walitazamana. Walikuwa watu waliobeba istilahi nyingi kuliko nywele, na kila mmoja alionekana akitafuta mfukoni mwake akakuta mkono.

"Msellem mwanangu, maelezo ni yako. Kamilisha."

Alifungua kinywa. Aliyajaribu maneno, moja baada ya jingine, kimya, na kila moja lilikuwa na ufa ambao Tufaha alikuwa amekwisha kuuonyesha. "Pungufu" lilikuwa uongo. "Kamili" lilikuwa uongo. "Zawadi" lilikuwa karibu, lakini mtoa zawadi hukumbuka alichotoa.

"Sina neno, Bi Mwanamvua."

"Basi acha pengo." Bi Mwanamvua hakumtazama, alikuwa akipanga karatasi zake kwa uangalifu mkubwa, kama zilizopangwa vibaya. "Na kwa kuwa maelezo yana pengo, hayajakamilika. Na kitu ambacho maelezo yake hayajakamilika hakiondolewi mahali pake wala hakihukumiwi, chenyewe wala kile kinachofungamana nacho. Mnadhani ni huruma yangu. Ni kanuni, someni. Mwelezaji atalitafuta neno. Akilipata, atalileta, nasi tutaketi tena."

Msellem alilitafuta. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu wapo waliodhani alirudi nyumbani akalala. Alikuwa mtu wa kazi, na pengo katika maelezo lilimwasha kama upele. Alilitafuta katika lugha ya wajaladi na ya wafuma mikeka, katika maneno wanayoambiana wakunga, katika laana za kale. Alilitafuta kwa bidii na kwa hofu, akijua kwamba siku atakayolipata Baraza litaketi, na Baraza likiketi na neno mkononi litapaswa kuhukumu. Na neno, likiwa jema kiasi gani, ni kiti cha kumkalisha mtu mbele ya watu. Wakati huo wote Tufaha alikuwa akiendelea kulowa kutokea mwisho. Siku nyingine alimwita kwa jina la mumewe. Siku nyingine hakumwita. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja katika mpangilio ambao si wake, na kuna msimu Msellem, kwa kumlisha na kumvisha, aliamini kwamba yeye ndiye aliyemlea Tufaha, na hakuna aliyemsahihisha.

Haidari ndiye aliyetumwa na Baraza kuuliza. Alikuja kila msimu, akavua viatu, akala.

"Umelipata?"

"Bado."

"Sawa. Huu mchuzi ameupika nani? Yeye? Basi nitauliza tena msimu ujao."

Ikawa mchana mmoja, Msellem akimchania Tufaha nywele kwenye dirisha la uani. Tufaha aligeuka akamtazama kwa udadisi wa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyemtendea wema.

"Wewe bwana," alisema, "mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Msellem akamsimulia. Mkeka, mguu, mdalasini. Mtoto mlangoni, masikio yakimpwita, pumzi ya mama juu yake, hili, kisha hili. Alisimulia bila kusema "mimi" na bila kusema "wewe". Tufaha alisikiliza hadi mwisho na uso wake ukalainika.

"Alikuwa na bahati mtoto yule," alisema.

Na neno likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilikuwa fupi, la zamani, neno ambalo kila nyumba ya mji ule ilikuwa ikilitumia jikoni bila kulihesabu kuwa istilahi, na lilikaa kwenye lile pengo kama jino kwenye ufizi. Halikumwita Tufaha pungufu wala kamili, halikumwita yeye mwizi, na lilikuwa kweli kuanzia herufi ya kwanza. Hakuwahi katika kazi yake kushika neno lililotoshea namna ile. Mkono wake ulikwisha kuitafuta kalamu.

Mlangoni pakabishwa hodi, na Haidari akaingia, amenenepa zaidi, akipumua. Alimsalimu Tufaha, ambaye alimkaribisha kwa jina la mtu mwingine, naye akaliitikia. Akaketi. Akajipakulia sahani. Kisha, kama desturi, akauliza.

"Umelipata?"

Msellem alikuwa ameshika kitana kwa mkono mmoja na kwa mwingine nywele za dada yake, nyeupe, nyepesi, zimegawanywa katikati.

"Bado," alisema.

Haidari alimtazama. Alimtazama kwa muda, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anavyoinua karatasi kwenye mwanga kuona kilichomo ndani ya weupe wake. Alikuwa mwelezaji mzuri, mzuri kuliko mzaha wake ulivyoonyesha. Kisha akashusha macho kwenye sahani, akamega tonge.

"Gumu hilo," alisema. "Usiliharakishe."

Tufaha aliuliza kama mgeni ameongezewa mchuzi. Msellem akasema ataongezewa, akaendelea kumchana.